Aliyekanyaga Nyayo za Koplo

Wengine watasema ni uongo, na mdomo ni mali yao. Lakini jirani aliyekuwa anasukwa siku ile yuko hai. Nusu ya kichwa chake ilibaki timutimu mpaka jioni, na ukimuuliza ilikuwaje, anabadilisha mazungumzo.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida kabisa. Msusi alikuwa barazani kwake, kichwa cha jirani katikati ya magoti, uzi wa kusukia umening'inia shingoni, na mdomo unafanya kazi kuliko vidole. Ukienda kwa Msusi unasukwa nywele na unapewa habari za mtaa mzima bila kuomba. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa kuonekana nyumbani kwa nadra, kwa hiyo katika nyumba ile walikuwa watatu tu: Msusi, binti yake mdogo, na baba yake mzazi.

Huyo baba, mtaa mzima ulimwita Koplo, cheo alichorudi nacho kutoka vitani. Watani wake walimpandisha na kumshusha walivyotaka: akikasirika ni Jenerali, akija kuomba sukari ni kuruta. Mguu wake wa kushoto ulivunjika jeshini ukaunga vibaya, na tangu hapo unatazama nje, kama unataka kwenda kwa jirani wakati mwenzake anakwenda sokoni. Alichechemea, lakini alichechemea kwa heshima zake.

Alipotoka jeshini akawa fundi sakafu, na hapo hakuwa na mpinzani. Alianzia ukuta wa mbali na kurudi kinyumenyume, amechuchumaa, mwiko ukipiga niru, ule uji mzito wa saruji wa kumalizia, mpaka sakafu inang'aa. Akifika mlangoni anatoka kwa makalio, na hakuna alama hata ya unywele anayoiacha humo ndani. Mafundi wengine walimcheka kwa kuwa hakuipa sakafu mbichi mgongo hata kidogo, hata akiitwa chakula. Yeye aliwaambia kila kazi ina miiko yake. Miaka ilipita, mkewe akatangulia mbele ya haki, magoti yakagoma, na Msusi akamchukua kwake.

Mjukuu alikuwa ndiyo kwanza ameanza kutunga sentensi ndefu. Koplo alimwita Mke Mdogo, kwa ule utani wa babu na mjukuu, na mtoto aliitika jina hilo kwa madaha yote. Ulikuwa ukimuuliza mumeo nani, anakuonyesha yule mzee mwenye mvi kwenye kiti cha mbao, anaongeza, "Lakini hanipi hela ya pipi." Kwa ajili ya mtoto huyo Koplo alikubali kuyalazimisha magoti yake kwa mara nyingine. Msusi alikuwa ameongeza chumba cha uani, na babu akasema sakafu ya chumba cha mke wake hataipiga fundi mwingine. Aliimaliza jana yake alasiri, akafunga mlango kwa kufuli, na ufunguo akautia mfukoni.

Basi asubuhi hiyo, katikati ya umbea uliokuwa umenoga, sauti ya Koplo ikatoka uani. Haikuwa kubwa.

"Mama," alimwita bintiye. "Njoo mara moja."

Msusi alimwacha jirani na kitana kichwani, akaenda huku akijifuta mafuta mikononi. Mlango wa chumba kipya ulikuwa wazi na kufuli lilikuwa mkononi mwa baba yake, zima. Alichungulia. Sakafu ilikuwa inang'aa kama alivyoitarajia, isipokuwa kwa nyayo.

Zilianza katikati ya chumba, mahali ambapo hakuna mlango wala dirisha, zikaja moja kwa moja mpaka kizingitini. Nyayo za mtu mmoja. Za buti. Mguu wa kulia ulinyooka vizuri. Wa kushoto ulitazama nje.

"Si umekanyaga mwenyewe, Baba?" Msusi aliuliza, akijaribu kucheka. "Uzee huo. Umerudi kuangalia, ukasahau."

"Na buti za nani?"

Msusi alitazama chini. Baba yake alikuwa amevaa ndala. Buti hakuwa nazo tangu Msusi angali tumboni.

Koplo aliinama kwa shida, akaingiza kidole cha shahada ndani ya unyayo mmoja. Kidole kilizama mpaka fundo la katikati. Kwenye niru ambayo mtu mzima akiikanyaga siku ya kwanza anaacha alama nyepesi tu, hizi zilichimba kama kinu.

"Huu si uzito wa mtu mmoja," alisema. Msusi alimwona akigeuka polepole kutazama uani, nyuma yake, kisha nyuma yake tena.

Alirudi barazani na kumwambia jirani kuwa kuna mwizi kavaa buti. Jirani akataka kujua kaiba nini. Walikuwa bado wanalizungumza hilo Msusi alipochukua ndoo kudeki baraza, maana mafuta yalikuwa yamemwagika, na Koplo akatoka ndani na kupita juu ya maji. Ndala zake ziliacha alama za maji kwenye sehemu kavu, kulia kunyoofu, kushoto nje. Nyuma yake alikuja Mke Mdogo, peku, akirusha miguu mifupi kwa hatua ndefu ili kila wayo wake utue ndani ya alama ya babu yake. Hata mguu wa kushoto aliupinda nje.

"Mtazame huyo!" jirani alicheka. "Anamwigiza mumewe kuchechemea!"

Msusi naye alicheka. Mtoto hakucheka. Uso wake ulikuwa wa mtu aliye kazini. Alisimama, mguu mmoja mbele ya mwingine, akageuza shingo kidogo, kama mtu aliyeguswa begani na anayesikiliza. Akatikisa kichwa kukubali. Halafu akanyoosha mkono na kumgusa babu yake pajani.

"Babu," alisema kwa kunong'ona, "wamesema twende."

Koplo aliganda pale pale. Hakugeuka. Mkono wake wa kulia ulipanda juu taratibu, kiganja wazi, na ukabaki hapo hewani. Mtoto naye akaganda. Msusi alisikia ukimya ambao hakuwahi kuusikia mchana wa jua kali, kama vile watu wengi wameshika pumzi kwa pamoja kwenye baraza lake dogo.

"Nani wamesema?" alimuuliza mwanawe.

"Wa nyuma," alijibu mtoto.

Jirani alikumbuka ghafla kuwa kaacha maji jikoni. Aliondoka na nusu ya kichwa.

Mtoto alipolala mchana, Msusi alimkalisha baba yake uani, akamsimamia mikono kiunoni kama anavyowasimamia wateja wabishi. Alikuwa anaogopa, na hofu yake siku zote ilitoka kwa sura ya hasira.

"Baba, mwanangu umemfundisha nini?"

"Sijamfundisha kitu."

"Basi niambie mimi. Nani wako nyuma?"

Koplo alitazama mikono yake. Vita vile hakuwahi kumsimulia mtu. Watu waliomzoea walijua ukimuuliza habari za jeshini atakuchekesha kwa kisa cha mpishi aliyeunguza maji, na hapo ndipo kisa kinapoishia. Siku hiyo hakuchekesha.

"Mimi nilikuwa mtu wa mbele," alisema. "Tukivuka uwanda uliotegwa mabomu, natangulia mimi na singe ya bunduki, nachoma udongo kidogo kidogo. Nilipokanyaga mimi, wa pili anakanyaga hapo hapo. Wa tatu hapo hapo. Mpaka wa mwisho. Kundi zima linaacha nyayo za mtu mmoja."

Msusi alishusha mikono kutoka kiunoni.

"Kuongea hakuna. Wa mwisho kabisa anamgusa bega aliye mbele yake. Huyo naye anamgusa wa mbele. Mguso unakuja hivyo mpaka unanifikia. Ukinifikia najua wote wapo, naendelea. Tukishavuka, mimi ndiye ninayegeuka na kusema tawanyikeni. Kabla ya neno hilo hakuna anayetoka mstarini. Hata akiitwa na mama yake mzazi."

"Sasa?"

"Ilikuwa alfajiri, ukungu umeshuka. Mguso ulikuwa unanifikia kila mara. Nikafika barabarani salama. Nikaguswa bega mara ya mwisho, nikageuka."

Kuku wa jirani alikuwa anapekua takataka, na Msusi alitamani aendelee kupekua, kwa kuwa ilikuwa sauti ya dunia hii.

"Hapakuwa na mtu, Mama. Hakuna mlipuko niliousikia. Hakuna risasi. Hakuna aliyepiga kelele. Wakubwa walipochunguza njia ile waliona nyayo za mtu mmoja, wakasema huenda nilivuka peke yangu tangu mwanzo. Lakini mimi niliguswa."

"Na lile neno hukulisema."

"Ningemwambia nani?"

Ndipo Msusi alipoelewa kwa nini baba yake alichagua kazi ya kutembea kinyumenyume. Anayerudi nyuma hafuatwi. Maisha yake yote ya ufundi alikuwa ameikodolea macho njia aliyotoka, na juu ya sakafu mbichi hakuna mguu uliothubutu kuja. Mpaka jana. Jana, kama alivyomweleza, alipofika mlangoni magoti yalimkatalia. Alishika fremu, akageuka, akainuka na kuondoka. Kwa mara ya kwanza aliipa sakafu mbichi mgongo.

"Ilikuwa hatua moja tu," Koplo alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyafuta. "Nilidhani wameshachoka kunisubiri."

Tangu siku hiyo Koplo hakutembea. Alikaa kwenye kiti chake na kusema, mtu wa mbele akisimama, mstari wote unasimama. Ni kweli ulisimama. Mke Mdogo alisimama nyuma ya kiti cha babu yake, wayo mmoja mbele ya mwingine, na hakutaka kucheza. Ukimpa kikombe cha maziwa anakunywa amesimama. Usingizi ukimzidi anajikunja palepale, miguu imebaki ilivyopangwa. Yule mtoto wa kudai pipi akawa na macho ya mtu mzima aliyekesha.

Msusi alijaribu kumbeba. Alikuwa mama, angefanya nini kingine? Mtoto alipiga ukunga wa kupasua moyo.

"Usinitoe, Mama! Kuna mabomu! Kuna mabomu pembeni!"

Neno hilo katika nyumba ile hakuna aliyewahi kulitamka mbele yake. Msusi alimrudisha chini, na mtoto akatafuta kwa kidole gumba mahali pake mpaka akapapata.

Jioni moja alimwogesha hapo hapo nyuma ya kiti, kwenye beseni. Alipomvua gauni aliona bega la kushoto. Lilikuwa na alama za vidole, za bluu, kubwa, za mkono wa mwanamume. Alama za leo zilikuwa juu ya alama za jana. Mtoto alimtazama na kusema taratibu, "Wanagusa kwa nguvu sasa. Wamechoka kusimama."

Msusi alikimbilia jikoni, akaziba mdomo kwa khanga, akalia. Alipotoka alikuwa ameshaamua. Alipiga magoti mbele ya kiti cha baba yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aolewe.

"Baba, nirudishie mwanangu. Fanya unavyojua. Lakini nirudishie."

Koplo alimtazama. Kisha akamtazama mjukuu wake nyuma yake, kwa pembe ya jicho, bila kugeuza mwili.

"Niletee mwiko," alisema.

Mafundi wawili wa mtaani walikuja kuivunja ile sakafu na kumwaga zege jipya. Walilipwa, wakaondoka, hawakuambiwa kitu. Niru alibaki nayo Koplo. Mpango wake ulikuwa mwepesi kuueleza. Atapiga sakafu kama alivyozoea, akirudi nyuma, uso wake kwao. Atawaacha waje. Wakifika atasubiri mguso, maana neno halitolewi kabla ya mguso, ndivyo sheria ilivyokuwa. Kisha atawaambia wamefika.

"Na mtoto?"

"Mtoto mshike wewe. Mbebe akiwa usingizini, mtoe nje, mpakate. Mguu wake usiguse ardhi. Asiyekanyaga hayumo mstarini."

Hivyo ndivyo alivyosema. Alikuwa mwanajeshi na alikuwa fundi, na katika mambo yote mawili alichokijua yeye ni miguu.

Saa ya alasiri, jua likiwa bado kali, Mke Mdogo alisinzia. Msusi alimnyanyua polepole. Safari hii hakulia. Alimpakata kwenye kigoda chini ya dirisha la chumba kipya, dirisha lisilo na fremu bado, akamfunga na khanga kifuani, miguu miwili midogo ikining'inia hewani. Kutoka hapo aliona chumba chote. Baba yake, aliyekwenda huko kinyumenyume, alikuwa amechuchumaa ukutani, mwiko mkononi, ameanza.

Shh. Shh. Mwiko ulikuwa unalamba saruji. Koplo alirudi nyuma hatua kwa hatua, na mbele yake sakafu ilinyooka, ya kijivu, inang'aa, haina doa. Alifika katikati. Alipita katikati. Hakuna kitu. Msusi alianza kupumua.

Kisha sakafu ikabonyea.

Palepale katikati. Unyayo mmoja wa buti, kama mtu kashuka kutoka hewani. Kisigino, halafu wayo. Maji ya saruji yakapanda pembeni. Ukafuata wa pili, wa kushoto, unatazama nje.

Koplo hakuinua macho. Mwiko uliendelea. Shh. Shh.

Wa tatu. Wa nne. Kila unyayo ulipotokea haukuishia hapo. Ulizama tena. Ukazama tena. Na tena. Mtu baada ya mtu, ndani ya shimo lile lile, na hakukuwa na mtu. Msusi alimbana mwanawe kifuani. Alitaka kufumba macho, yakakataa.

Zilikuja mpaka mbele ya Koplo. Mpaka ncha ya mwiko wake. Hapo zikasimama.

Koplo aliweka mwiko chini. Alikuwa bado amechuchumaa kizingitini, mikono juu ya magoti, jasho likimtiririka kwenye mvi. Aliinamisha kichwa. Alikuwa anasubiri kuguswa.

Chumba kilijaa pumzi. Msusi alizisikia. Harufu ya ukungu na udongo uliolowa ilimjia usoni, mchana wa jua kali.

Ndipo akahisi kitu kifuani kwake. Mke Mdogo, usingizini, macho yamefumba, alitoa mkono ndani ya khanga. Aliunyoosha mbele taratibu. Akapiga hewa, mara moja, kidogo.

Kule mlangoni, bega la Koplo lilishtuka.

"Baba, ngoja," Msusi alisema. Sauti haikutoka.

Koplo aliinua uso. Alikuwa anatabasamu, na machozi yanamwagika.

"Tumefika, ndugu zangu," alisema. "Tumevuka. Tawanyikeni."

Sakafu ikachafuka. Nyayo zilitoka mstarini kwa pamoja, kulia na kushoto, kubwa, pana, nyembamba, zikavuka chumba kila mmoja na njia yake, zikafika kwenye kuta na kuishia hapo. Kisha kimya. Yule kuku wa jirani akalia. Hewa ikawa hewa.

"Umeona?" Koplo alikuwa anacheka na kulia. "Mama, umeona? Wamekwenda!"

Alizisoma nyayo kama mtu anayesoma majina kwenye mlango wa shule. Ule mpana ni wa Mpishi, aliyeunguza maji. Ule mrefu ni wa Mlingoti. Ule unaoburuza kisigino ni wa Bwana Harusi, waliyemwita hivyo kwa kuwa hakuchoka kuonyesha picha ya mchumba wake, na mtazame, kaelekea mashariki, kwao ni mashariki. Kila mmoja anakwenda kwao. Msusi hakuwahi kumwona baba yake na furaha namna ile, na kwa dakika hiyo moja naye alifurahi.

Kidole cha Koplo kilikuwa kinaonyesha unyayo baada ya unyayo. Kikafika pembeni ya chumba, kikasimama.

Palikuwa na nyayo nyingine pale. Fupi. Peku, na vidole vitano vidogo vilivyojichora vizuri kabisa. Zilitoka mstarini kutoka nafasi ya kwanza, ile ya nyuma ya mtu wa mbele, zikaenda peke yake mpaka kwenye kona. Hakuna buti lililoongozana nazo.

"Nilikuwa nimempakata," Msusi alisema. "Baba, nilikuwa nimempakata. Hajagusa chini."

Koplo alishika bega lake mahali alipoguswa. Alilipapasa polepole. Sura yake ilikuwa inaanguka kipande kipande.

"Mkono ulikuwa mdogo," alinong'ona. "Nilikuwa nimechuchumaa. Sikuupima. Mkono ulikuwa mdogo, Mama."

Mke Mdogo aliamka wakati huo huo. Alipiga miayo, akamtazama mama yake kwa macho maangavu ya zamani, akasema ana njaa. Msusi alimvuta gauni begani kwa pupa. Zile alama za vidole hazikuwepo. Alimbusu, akamnusa shingoni, akamwita jina lake mara nyingi mpaka mtoto akacheka na kumsukuma. Alikuwa yeye. Alikuwa na joto lake na harufu yake na ubishi wake.

"Nishushe," alisema mtoto.

Akamshusha. Uani, mahali mafundi walipochanganyia zege, palibaki mchanga mbichi ulioloa, laini, umesambaa mpaka mlango wa jikoni. Mke Mdogo aliukatiza mbio, peku, akiimba.

Mchanga ulibaki ulivyokuwa.

Msusi alimwita arudi. Akaja mbio, juu ya mchanga ule ule. Akamwambia aruke. Akaruka, kwa miguu miwili, akishangilia. Hakuna chembe iliyosogea.

Koplo alikuwa ameshauona. Alichukua mwiko na kuingia chumbani kwa magoti, kuelekea kwenye kona, haraka, kabla saruji haijashika. Pengine alidhani akizifuta zile ndogo mambo yatarudi yalivyokuwa. Pengine hakutaka tu kuziona. Msusi alimwahi, akamshika kifundo cha mkono kwa nguvu zake zote.

"Usizifute!" Alikuwa analia kwa sauti sasa, na hakujali nani anasikia. "Usizifute, Baba. Hana nyingine."

Sakafu iliachwa ikauka vile vile.

Koplo hakumaliza mwaka. Siku zake za mwisho alilala akitazama ukuta, na kila mjukuu wake alipomkaribia kwa nyuma alimwomba, kwa upole mkubwa, aje kwa mbele. Mume wa Msusi aliporudi safarini alitaka kubandika vigae chumba kile. Msusi alisimama mlangoni na fagio, na mwanamume aliyezoea kubishana na polisi wa barabarani akaamua vigae vinaweza kusubiri.

Binti sasa ni wa shule. Anafanya vizuri, anacheka sana, hana ugonjwa. Wenzake hawapendi kumfuata kwenye michezo ya kukimbizana na hawajui kwa nini. Kila muhula unapoanza, kabla ya kwenda kumnunulia viatu, mama yake anafungua chumba cha uani, anamshika mkono mpaka kwenye kona, na kumwambia aweke wayo wake ndani ya ule wa kwenye sakafu. Saruji ile ni ngumu, msumari wa zege haupenyi. Lakini wayo unaingia sawasawa, haupwayi, haubani. Mwaka jana uliingia sawasawa. Mwaka juzi vile vile. Unakua naye, na Msusi alikuwa ameanza kuona afadhali. Alijiambia kwamba popote alikokwenda yule mwingine, angalau anakula na kukua.

Muhula huu amefungua mlango, amemshika mwanawe mkono, wamefika kwenye kona. Msusi aliinama kumvua mtoto kiatu, akatazama sakafuni, akaacha mkono wake ulipokuwa.

Unyayo haukuwa na vidole tena. Ulikuwa na kisigino cha buti.